Daniel Boone: Ukoo uliofungua njia ya Kentucky ukakosa ardhi yake
Mwaka 1798 bunge la jimbo la Kentucky lilianzisha kaunti mpya na kuipa jina la Daniel Boone, mwindaji na mpima ardhi aliyewaongoza walowezi wa mwanzo kuvuka milima ya Appalachia. Mwaka huohuo, katika jimbo hilohilo, ilitolewa hati ya kumkamata, kwa sababu hakuitikia wito wa mahakama wa kwenda kutoa ushahidi katika kesi. Mwaka uliofuata, akikaribia umri wa miaka 65, alifunga virago pamoja na jamaa zake, akavuka mto Mississippi na kuhamia Missouri, nchi iliyokuwa bado chini ya mamlaka ya Hispania.

Vitabu na filamu vimezoea kumchora Boone kama mtu mpweke wa msituni, mwenye bunduki na mbwa wake tu. Historia ya ukoo wake yasimulia mengine. Kila alipohama alihama na mke, watoto, wakwe na wapwa, na deni la kila safari lililipwa na watu wa nyumbani mwake.

Kuhamahama huko hakukuanza naye. Babu yake, George Boone, alikuwa mfumaji wa nguo katika mji mdogo wa Bradninch, kusini magharibi mwa Uingereza, na muumini wa madhehebu ya Quaker, yaleyale yenye wafuasi wengi leo magharibi mwa Kenya. Mwaka 1713 mwanawe, Squire, alitangulia Pennsylvania, koloni ambako Waquaker waliabudu bila kusumbuliwa. Wazazi wakamfuata mwaka 1717. Squire, mfumaji na mhunzi, alimwoa Sarah Morgan, na mwaka 1734 akazaliwa Daniel, mtoto wa sita kati ya kumi na mmoja, karibu na ulipo leo mji wa Reading.

Ndoa za watoto ndizo zilizouondoa ukoo huo Pennsylvania. Mwaka 1742 binti mkubwa aliolewa na mtu asiye Mquaker, naye tayari alikuwa mjamzito. Wazazi wakalazimika kuomba radhi mbele ya waumini. Mwaka 1747 mwana wao Israel naye akaoa nje ya madhehebu. Safari hii Squire alisimama na mwanawe, akakataa kuomba radhi, akatengwa. Mwaka 1750 aliuza shamba na kuhamia bonde la Yadkin, North Carolina.

Huko Yadkin, mwaka 1756, Daniel alimwoa Rebecca Bryan. Walizaa watoto kumi, na juu ya hao wakalea watoto wa ndugu zao waliofiwa. Mume alikuwa akiondoka majira ya kupukutika kwa majani kwenda kuwinda kulungu na kutega wanyama wa manyoya, akarejea miezi kadhaa baadaye. Mwaka 1769 aliingia Kentucky na hakurudi kukaa nyumbani hadi mwaka 1771. Shamba, mifugo na watoto vilikuwa mikononi mwa Rebecca. Ni haki kusema kwamba bila mwanamke huyo asingekuwapo Boone wa vitabuni.

Kentucky haikuwa nchi isiyo na wenyewe. Washawnee na Wacherokee waliitegemea kwa uwindaji. Mkataba wa Fort Stanwix wa mwaka 1768, ambao Uingereza iliutumia kudai ardhi hiyo, ulitiwa saini na Wairoquois, na Washawnee hawakuutambua. Katika safari ile ya 1769 walimkamata Boone, wakamnyang'anya ngozi zote alizokuwa amekusanya, wakamwachilia na kumwonya asirudi.

Alirudi. Septemba 1773 aliongoza kundi la watu wapatao 50, wakiwemo mkewe na watoto wake, kwenda kuanzisha makazi. Tarehe 10 Oktoba, kabla hawajavuka njia ya milimani ya Cumberland Gap, kikosi cha wenyeji kilikivamia kikundi kidogo kilichokuwa kikileta mahitaji nyuma. James Boone, kifungua mimba mwenye umri wa miaka 16, aliteswa hadi kufa pamoja na kijana mwenzake, Henry Russell. Tunayajua hayo kwa sababu ya Adam, mtumwa aliyejificha kando ya mto na kushuhudia yote kabla ya kuponyoka. Mtumwa mwingine, Charles, aliuawa pia. Msafara ukarudi nyuma.

Mwaka 1775 Boone alipewa kazi na Richard Henderson, mfanyabiashara aliyekuwa amenunua madai ya Wacherokee juu ya eneo hilo. Akiwa na wanaume wapatao 30 wenye mashoka, alikata njia kupitia Cumberland Gap na kujenga ngome ya Boonesborough. Kufikia mwaka 1810 inakadiriwa kuwa watu zaidi ya 200,000 walikuwa wamepita katika njia hiyo, wakiwemo watumwa ambao hawakuulizwa kama walitaka kwenda. Binti yake Susannah, aliyekuwa ameolewa punde tu, alifuatana na wakataji njia. Rebecca na watoto wengine waliwasili baadaye mwaka huohuo.

Julai 1776 binti mwingine, Jemima, alitekwa pamoja na wasichana wawili wa familia ya Callaway walipokuwa wakiteleza na mtumbwi mtoni. Baba yao waliwafuata, wakiongozwa na vijiti vilivyovunjwa na vipande vya nguo ambavyo wasichana waliviacha njiani, na siku ya tatu wakawaokoa. Jemima baadaye aliolewa na Flanders Callaway, mmoja wa waokoaji.

Kisa cha mwaka 1778 ndicho kizito kuliko vyote. Februari, Boone na wenzake waliokuwa wakichemsha chumvi walizingirwa na Washawnee wa chifu Blackfish. Aliwashawishi wenzake wajisalimishe ili ngome, iliyokuwa na wanawake na watoto, isishambuliwe. Blackfish alimfanya kuwa mwanawe na kumpa jina la Sheltowee, maana yake Kobe Mkubwa. Juni alitoroka, akakata kilomita 250 hivi kwa siku chache, akafika ngomeni na kukuta nyumba tupu: Rebecca, akiamini ni mjane, alikuwa amerudi North Carolina. Jemima peke yake ndiye aliyebaki kumsubiri. Septemba, Blackfish aliizingira Boonesborough kwa siku kadhaa bila kuitwaa. Baada ya hapo Boone alishtakiwa katika mahakama ya kijeshi kwa usaliti, na miongoni mwa washtaki alikuwapo Richard Callaway, ba'mdogo wa mkwewe. Aliachiliwa na kupandishwa cheo, lakini hakuishi tena Boonesborough.

Oktoba 1780 ndugu yake Edward aliuawa na Washawnee. Tarehe 19 Agosti 1782, katika vita vya Blue Licks, mwanawe Israel, mwenye umri wa miaka 23, alipigwa risasi akapoteza maisha. Boone alikuwa ametahadharisha kwamba kuna mtego, hakusikilizwa. Alilazimika kuukimbia mwili wa mwanawe na kurudi siku chache baadaye kuzika. Uwanja huo uko kaskazini mashariki mwa Lexington, mji ambao leo una familia nyingi za Kikongo zinazozungumza Kiswahili.

Ardhi iliyogharimu damu hiyo ilimponyoka mahakamani. Virginia ilibatilisha ununuzi wa Henderson. Viwanja ambavyo Boone alivipima na kudai vilipishana na madai ya wengine, usajili wake ulikuwa na kasoro, na wanasheria wakafaidi. Alikuwa pia mmiliki wa watumwa: kumbukumbu za mwaka 1787 zinaonyesha alikuwa nao saba.

Missouri ilianza vyema. Hispania ilimpa ardhi na kumfanya mwamuzi wa wilaya ya Femme Osage. Marekani iliponunua Louisiana mwaka 1803, hati zake zikatiliwa shaka tena na madai yake yakakataliwa. Rebecca alifariki Machi 1813. Mwaka 1814 bunge la Marekani lilimrudishia sehemu ya ardhi. Aliuza karibu yote kulipa wadai wa Kentucky. Alifariki tarehe 26 Septemba 1820 katika nyumba ya kitinda mimba wake, Nathan, akiwa na umri wa miaka 85.

Wanawe waliendelea kuelekea magharibi. Daniel Morgan Boone alikwenda Kansas kuwafundisha Wakansa kilimo. Nathan alikuwa mpima ardhi na mwanajeshi, na mwaka 1851 alimsimulia mwanahistoria Lyman Draper mengi tunayoyajua leo kuhusu familia hiyo.

Mwaka 1845 Kentucky iliifukua mifupa ya Daniel na Rebecca ili kuizika upya Frankfort, mji mkuu wa jimbo. Wapo watu wa Missouri wanaoshikilia hadi leo kwamba kaburi lililofukuliwa lilikuwa la mtu mwingine, na kila jimbo linatunza kaburi lake.