Sokoine na Njia ya Mpakani

Aliyepata kufika Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia, ajua jinsi bidhaa za halali na za magendo zipitavyo njia moja. Hapo ndipo twamkumbuka hayati Edward Moringe Sokoine. Alizaliwa Monduli mwaka 1938, akawa Mbunge mwaka 1965, Waziri wa Ulinzi mwaka 1972, na Waziri Mkuu mwaka 1977. Mwaka 1980 alijiuzulu kwa sababu ya afya. Aliporudishwa katika cheo hicho Februari 1983, sukari, sabuni na nguo zilikuwa adimu, naye akawaandama walanguzi na wahujumu uchumi bila kuchoka. Wala hatufichi kwamba watu walikamatwa kwanza, sheria ikatungwa baadaye, na wasio na hatia wakateseka pamoja na wakosaji. Tarehe 12 Aprili 1984 alifariki kwa ajali ya gari karibu na Morogoro, na taifa zima likalia.

Basi, sisi tuvukao mpaka na mizigo yetu, tusimsifu Sokoine kwa midomo huku mikono yetu ikitoa rushwa. Naye mwenye mamlaka akumbuke kwamba ukali usiotanguliwa na haki huumiza wanyonge.