Rwagasore: mwana wa Mwami aliyeutafuta uhuru kupitia ushirika wa wachuuzi

Mfanyabiashara anayevuka mpaka wa Kobero akitokea Ngara, akapita Muyinga na kushika njia ya Gitega hadi Nyarusange, hulikuta jina la Louis Rwagasore kila mahali. Limeandikwa kwenye shule, barabara na viwanja, na sura yake imewahi kuchapwa kwenye noti ya faranga 10,000. Wengi wanamjua kama shujaa wa uhuru wa Burundi. Wachache wanakumbuka kwamba kabla ya kuwa mwanasiasa alikuwa mtu wa ushirika, na kwamba watu wa kwanza kusimama naye walikuwa wachuuzi.

Alizaliwa Gitega tarehe 10 Januari 1932, mwana mkubwa wa Mwami Mwambutsa wa Nne. Wakati huo nchi ilikuwa sehemu ya Ruanda-Urundi chini ya Wabelgiji. Alisoma Astrida, mji unaoitwa leo Huye nchini Rwanda, kisha akapelekwa Ubelgiji katika mji wa Antwerp. Kwa kuzaliwa kwake angeweza kuishi kwa raha na kungoja heshima za ukoo. Aliporudi alichagua njia nyingine.

Mwaka 1957 alianzisha ushirika wa wafanyabiashara wa Burundi, makao yake yakiwa Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo. Wanachama wake wengi walikuwa Waswahili wa mitaa ya mji huo, watu wa maduka madogo na mizigo ya mkononi. Biashara kubwa ya kuingiza na kutoa bidhaa ilikuwa mikononi mwa wageni. Mchuuzi Mrundi alinunua kwa bei aliyopangiwa na kuuza kwa bei aliyopangiwa. Rwagasore aliona kwamba watu wasioweza kujipangia bei hawataweza kujipangia serikali. Wakinunua pamoja, wakaweka akiba pamoja na kuchagua viongozi wao wenyewe, watakuwa wamekwisha kuanza kujitawala.

Kazi haikuwa nyepesi. Ushirika ulielemewa na madeni, na uendeshaji wake ulikuwa dhaifu. Utawala wa Kibelgiji, uliouona kama siasa iliyovaa nguo za biashara, haukuupa imani. Hata hivyo Rwagasore hakuwaacha watu wake. Shida zile zilionyesha jambo ambalo kila mwanachama wa chama cha akiba analijua: uhuru bila uaminifu katika hesabu haudumu. Anayetaka kujitawala hana budi kukubali kukaguliwa.

Kutoka katika ushirika alihamia kwenye siasa na kuwa nguzo ya chama cha UPRONA, kilichodai uhuru wa haraka. Alijenga urafiki na Julius Nyerere na chama cha TANU huko Tanganyika, akijua kwamba Burundi isiyo na bahari haiwezi kusimama bila majirani zake. Ndani ya chama aliwakusanya Wahutu, Watutsi, Waganwa na Waswahili, katika wakati ambao jirani Rwanda ilikuwa ikigawanyika kwa damu.

Wabelgiji walijaribu kumzuia. Mwaka 1960 ilipitishwa amri ya kuwakataza ndugu wa karibu wa Mwami kushiriki siasa, na mwishoni mwa mwaka huo akawekwa kizuizini Bururi wakati wa uchaguzi wa tarafa. Chama cha PDC, kilichopendwa na wakoloni, kilishika nafasi ya kwanza. Lakini tarehe 18 Septemba 1961, katika uchaguzi wa bunge uliosimamiwa na Umoja wa Mataifa, UPRONA ilipata viti 58 kati ya 64.

Ushindi wa namna hiyo huwalevya wengi. Yeye aliwasihi wafuasi wake wasilipize kisasi wala wasiwadhihaki walioshindwa, na akawataka wananchi waipime serikali yake kwa matendo. Mwenye madaraka alikuwa anakubali kupimwa na wasio nayo, na hiyo ndiyo maana ya watu kujitawala.

Hakupata muda wa kupimwa. Alikuwa Waziri Mkuu kwa wiki mbili tu. Jioni ya tarehe 13 Oktoba 1961 alipigwa risasi katika hoteli moja ya Usumbura, kando ya Ziwa Tanganyika. Alikuwa na umri wa miaka 29. Aliyefyatua risasi, Mgiriki Jean Kageorgis, alitumwa na wapinzani wake wa PDC, naye aliuawa kwa hukumu ya mahakama tarehe 30 Juni 1962. Kesho yake, tarehe 1 Julai, Burundi ikapata uhuru.

Nchi ililipia pengo lile kwa miaka mingi. Chama chake kiligawanyika, na mgawanyiko alioupinga ukageuka mauaji. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, karibu nusu karne baada ya safari zake za kutafuta marafiki Tanganyika. Leo gunia la maharage likitoka Nyarusange, likapimwa kwa haki na kufika Kabanga bila hongo, kazi aliyoianza na wachuuzi wa Usumbura inaendelea. Kila mwaka tarehe 13 Oktoba Warundi humkumbuka kaburini kwake, kwenye kilima kinachoutazama mji na ziwa.