Gregor Mendel, Padri wa Minji

Mwaka huu nawaletea habari za mzungu wa zamani aliyeleta amani nyumbani kwetu. Kitindamimba wetu alizaliwa na ualbino, hali sisi wengine sote, pamoja na baba na mama, ni weusi tititi. Basi maneno yakawa hayaishi kisimani. Wengine walisema mama amelaaniwa, wengine wakasema mengine ambayo siwezi kuyaandika hapa. Mama alinyamaza tu. Nilipofika kidato cha nne, katika somo la bayolojia, ndipo nilipokutana na Mendel.

Alizaliwa Julai 1822 katika kijiji cha Heinzendorf, ambacho leo kimo katika nchi ya Cheki, akabatizwa Johann. Wazazi wake walikuwa wakulima wa kawaida, na karo ilikuwa shida kama kwa wengi wetu. Baba yake alipoumizwa vibaya na gogo mwaka 1838, mambo yalizidi kuwa magumu. Ilibidi dada yake mdogo, Theresia, atoe sehemu ya mali aliyowekewa ya kuolewa ili kaka asome. (Mendel hakumsahau. Baadaye aliwasomesha wanawe.)

Mwaka 1843 aliingia monasteri ya Mtakatifu Thomas mjini Brno, akapewa jina la Gregor. Kazi ya kutembelea wagonjwa ilimshinda, kwani alipowaona wakiteseka naye aliugua, kwa hivyo akapelekwa kufundisha. Sasa sikilizeni: mwaka 1850 aliufanya mtihani wa kuwa mwalimu kamili, akaanguka! Akapelekwa Chuo Kikuu cha Vienna, akarudi, akajaribu tena mwaka 1856. Wapi! Mtu ambaye sisi tunamkariri ili tupite mtihani, yeye mwenyewe hakupita. Akabaki mwalimu wa muda.

Mwaka huo huo alianza majaribio yake ya minji katika bustani ya monasteri, akaendelea hadi 1863. Alichukua minji ya maua ya zambarau akaichanganya na ya maua meupe, akihamisha chavua kwa mkono wake. Watoto wote wakatoka zambarau. Ungedhani weupe umekwisha kabisa. La hasha! Alipoiacha mimea hiyo ijichavushe yenyewe, wajukuu 705 walitoka zambarau na 224 weupe, yaani karibu watatu kwa mmoja. Kumbe kila mmea hupokea fungu moja kwa baba na moja kwa mama, mafungu ambayo leo twayaita jeni, na fungu la weupe laweza kujificha nyuma ya lile la zambarau bila kufa.

Si minji tu. Mwaka 1864 aksolotli walisafirishwa kutoka Mexico hadi Paris, na weupe walikuwemo. Hawa ni wanyama wa jamii ya amfibia ambao hukaa majini maisha yao yote, na matamvua yao yako nje ya kichwa kama manyoya. Wanaowafuga hutazama macho. Mweupe mwenye macho meusi si albino, kwani rangi anayo ila haikusambaa ngozini. Albino hana weusi hata machoni. Ukiwazalisha hao wawili, na hakuna aliyebeba jeni fiche ya mwenzake, watoto wote hutoka weusi! Kila mzazi amempa mtoto kile alichokosa mwingine. Wataalamu wa Paris walikuwa na aksolotli weupe mbele ya macho yao, na wakati ule ule padri wa Brno alikuwa na jibu, lakini hakuna aliyejua habari za mwenzake.

Mendel alisoma matokeo yake mbele ya chama cha wanasayansi wa Brno Februari na Machi 1865, yakachapishwa 1866. Kimya. Mwaka 1868 akafanywa abati, na kazi za ofisi pamoja na ugomvi wa kodi na serikali vikamchosha. Aliaga dunia tarehe 6 Januari 1884 kwa ugonjwa wa figo, akazikwa kama padri mwema tu. Ilibidi ufike mwaka 1900 ndipo Hugo de Vries, Carl Correns na Erich von Tschermak, kila mmoja kwa njia yake, walipogundua kwamba kazi ile ilishafanywa.

Likizo ya Agosti nilimchorea mama kwa makaa, kwenye ukuta wa jikoni, ule mraba wa vyumba vinne wa darasani. Aliutazama sana, kisha akaniuliza kama baba naye yumo. Nikamwambia yumo, nusu kwa nusu. Akatoka mlangoni akamwita baba aje aone.