Élie Metchnikoff: aligundua askari wa mwili, na kifua kikuu kinajificha ndani yao

Élie Metchnikoff, aliyepata tuzo ya Nobel ya uganga munamo mwaka 1908, alifiwa na bibi yake wa kwanza kwa kifua kikuu. Siku ya harusi yao, mwaka 1869, Ludmila alibebwa kwenye kiti hadi kanisani, pumzi haikumtosha kutembea. Mume alimpeleka hadi kisiwa cha Madeira kutafuta hewa nzuri. Alifariki huko mwaka 1873. Metchnikoff akameza morfini ili naye afe. Alikuwa amemeza nyingi mno, akaitapika, akapona.

Alizaliwa mwaka 1845 karibu na Kharkiv, Ukraine ya leo. Munamo mwaka 1882 alikuwa Messina, Italia, pamoja na Olga, bibi yake wa pili. Siku moja jamaa walikwenda kutazama nyani wa maonyesho, yeye akabaki na darubini yake. Alichukua miiba ya waridi bustanini, akaichoma ndani ya vitoto vya nyota ya bahari, viumbe vidogo ambavyo mwili wao unapitisha mwanga. Asubuhi alikuta seli zenye kutembea zimezingira miiba. Alielewa kwamba ndizo askari: zinameza kila adui anayeingia. Zile kubwa aliziita makrofaji.

Wataalamu wengi, hasa wa Ujerumani, walimpinga. Walisema ulinzi uko ndani ya maji ya damu, na kwamba seli hizo zinabeba tu vijidudu na kuvitawanya mwilini. Louis Pasteur ndiye alimpa maabara Paris mwaka 1888. Uzeeni alikunywa maziwa machachu, kama mashanza yetu, akiamini yanarefusha maisha. Alifariki mwaka 1916, miaka 71.

Lakini wapinzani hawakukosea kabisa, na kijidudu kilichomuua Ludmila ni ushahidi. Kikifika kwenye mapafu, makrofaji inakimeza na kukifungia ndani ya kifuko. Kwa kawaida kifuko hicho huungana na kingine chenye asidi, na adui anayeyushwa. Kijidudu cha kifua kikuu kinazuia muungano huo. Kinakaa ndani ya askari, kinazaana humo. Seli zingine zinakuja kukizingira, kivimbe kidogo kinatokea, na kijidudu kinaweza kulala humo miaka mingi bila mtu kukohoa hata mara moja. UKIMWI, njaa ao uzee ukidhoofisha kinga, kinaamka.

Ndiyo maana mgonjwa anameza dawa kwa miezi, hata akijisikia mzima kisha majuma machache: vijidudu vilivyolala vinakufa polepole sana. Streptomisini, dawa ya kwanza yenye nguvu juu ya ugonjwa huu, ilipatikana mwaka 1943, miaka 70 kisha kifo cha Ludmila.