Louis Leakey na Taya Lililokosekana

Askari aliye zamu Gasenyi, Bujumbura, atafunapo hindi la kuchoma, hafikiri jinsi magego yake ya juu yanavyokutana na ya chini. Hata hivyo mkutano huo wa meno ni ushahidi, na leo tunamweleza mtu mashuhuri wa Afrika ya Mashariki ambaye kazi yake yafanana sana na ya mpelelezi.

Louis Leakey alizaliwa Kabete, Kenya, tarehe 7 Agosti 1903, mwana wa wamisionari Waingereza. Alikua pamoja na watoto wa Kikuyu, akaijua lugha yao barabara. Mwaka 1931 alianza kuchimba katika bonde la Olduvai, Tanganyika, akiamini kwamba chimbuko la binadamu ni Afrika, ilhali wataalamu wengi walielekeza macho Asia.

Miaka 28 ikapita. Tarehe 17 Julai 1959, Leakey akiwa mgonjwa kambini, mkewe Mary aliona mfupa ukichomoza ardhini. Vipande vikaunganishwa, likapatikana fuvu lenye meno madogo ya mbele na magego mapana ajabu. Likaitwa Zinjanthropus, na umri wake ukapimwa kuwa miaka 1,750,000 hivi. Lakini taya la chini halikuwapo. Magego ya juu yakiwa mapana na bapa, ya chini nayo sharti yalingane, kama yalivyo mawe mawili ya kusagia. Hata hivyo, kisio si ushahidi.

Mwaka 1964 Kamoya Kimeu, Mkenya, aligundua taya la chini huko Peninj, karibu na Ziwa Natron. Lilikuwa la kiumbe mwingine wa aina ile ile, na magego yake yalithibitisha kisio.

Mwaka huo huo Leakey alikabili jambo gumu zaidi. Alikwisha kutangaza kwamba Zinjanthropus ndiye aliyetengeneza zana za mawe za Olduvai. Sasa mifupa mingine ilionyesha kiumbe mwenye ubongo mkubwa zaidi na magego membamba. Leakey na wenzake wakamwita Homo habilis, na sifa ya zana ikahamia kwake.

Leakey alifariki London tarehe 1 Oktoba 1972. Nasi twajifunza kwake kwamba mpelelezi anayeng'ang'ania neno lake la kwanza, hali ushahidi mpya umo mkononi, humwacha mwizi akaenda zake, akamfunga asiye na hatia.