Askofu Festo Kivengere: Mtu wa Kweli na Upendo



Kamati ya Yubile ilituomba tuandike katika kijitabu hiki maisha ya mtumishi mmoja wa Mungu aliyetutangulia, ili kwaya yetu inaposherehekea miaka 25 isijitazame yenyewe tu. Pengine mlitarajia mtunzi wa nyimbo au mwalimu wa kwaya. Tumemchagua mhubiri, Askofu Festo Kivengere wa Kigezi nchini Uganda, ambaye alifariki hapa Nairobi mwezi wa Mei 1988.

Sababu yetu ni hii. Mtaa wetu unaitwa Wendani, na wanaozungumza Kikuyu wanajua kwamba neno hilo maana yake ni kupendana. Makanisa yamejaa hapa kwetu, na vipaza sauti vinasikika Jumapili kutoka barabara kuu ya Thika hadi ndani mtaani. Hata hivyo kuna jirani anayepita mlangoni petu kila wiki asiingie, na kijana aliyeacha kuja kwa sababu haamini tena tunayosema. Kanisa linapopoteza kazi yake, halirudishiwi kwa kuongeza sauti. Maisha ya Askofu Festo yanatuonyesha linarudishiwa kwa njia gani.

Kijana wa Rujumbura

Festo alizaliwa katika nchi ya Rujumbura, wilaya ya Rukungiri ya leo, kusini magharibi mwa Uganda. Alitoka katika ukoo wa watawala wa Bahororo, na utotoni alichunga ng'ombe kama watoto wenzake. Alisoma shule za misheni, akawa mwalimu. Lakini alipoanza kazi alikuwa ameiacha imani. Alikunywa pombe, na watu waliookoka walimchosha kwa ushuhuda wao.

Wakati huo uamsho ulikuwa umeenea. Ulianzia Gahini nchini Rwanda mwanzoni mwa miaka ya 1930, ukafika Kabale mwaka wa 1935, na mwaka wa 1937 ukafika Kabete, karibu na hapa kwetu. Ndio uliowazaa wazee tunaowaita ahonoki. Mafundisho yao hayakuwa magumu kueleza. Mtu atembee nuruni: akikosa aseme, akiiba arudishe, akiwa na chuki moyoni amwendee ndugu yake. Wimbo wao ulikuwa Tukutendereza, kwa lugha ya Kiganda, na mpaka leo katika ushirika wao mtu akimaliza kushuhudia, huo ndio unaoimbwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1940, Jumapili moja, Festo alikuwa akirudi nyumbani kutoka kunywa pombe. Njiani akakutana na rafiki yake akija mbio kwa baiskeli. Yule rafiki alimweleza kwamba saa chache tu zilizopita alikuwa amempokea Yesu, na furaha yake ilikuwa wazi usoni. Festo alifika nyumbani akiwa ametikisika. Alipiga magoti chumbani mwake, akaomba, akatoka mtu mwingine.

Maili 50 kwa baiskeli

Wengi wetu huishia hapo tunapotoa ushuhuda. Kwa Festo, kazi ndiyo kwanza ilianza. Kulikuwa na Mwingereza mmoja aliyemchukia sana. Baada ya kuokoka, moyo wake haukutulia mpaka alipopanda baiskeli na kwenda mwendo wa maili 50 kumtafuta. Tukumbuke kwamba ulikuwa wakati wa ukoloni. Mwafrika alikuwa na sababu za kweli za kuwa na uchungu, naye angeweza kusema kwamba mzungu ndiye aanze kuomba msamaha. Lakini Festo alikwenda, akamweleza chuki aliyokuwa nayo, akamwomba msamaha na kumwita ndugu. Watu wawili ambao sheria na rangi ziliwatenga wakawa kitu kimoja.

Jambo hili alilibeba maisha yake yote, hata ndani ya nyumba. Mwaka wa 1943 alimwoa Mera, wakajaliwa mabinti wanne. Festo mwenyewe alipenda kusimulia siku moja aliyogombana na mkewe, kisha akashika Biblia aende kuhubiri. Njiani alisikia moyoni kwamba Roho Mtakatifu hakufuatana naye, bali alibaki jikoni na Mera. Ilimbidi ageuke, arudi, aombe msamaha, ndipo akahubiri. Alisimulia pia jinsi alivyomwonea wivu mwenzake waliyehubiri pamoja, kwa sababu watu walimpenda yule kuliko yeye, na jinsi alivyomwendea akakiri. Hakuona haya kuyasema haya akiwa askofu, mbele ya maelfu.

Mwalimu wa Dodoma

Katikati ya miaka ya 1940 Festo na Mera walihamia Dodoma, Tanganyika, wakiwa walimu na wamisionari. Waliishi huko zaidi ya miaka 10, na ndipo Kiswahili kikawa lugha yake ya kuhubiria. Mwaka wa 1960 Billy Graham alipozuru Afrika, Festo ndiye aliyemtafsiria kwa Kiswahili kule Moshi, chini ya Mlima Kilimanjaro. Baadaye alisoma theolojia Pittsburgh, Marekani, akamaliza mwaka wa 1967, na katika miaka ya 1970 alifanya kazi na Michael Cassidy wa Afrika Kusini katika huduma ya African Enterprise. Mwaka wa 1972 alifanywa Askofu wa Kigezi, makao yake yakiwa Kabale.

Uwanja wa Kabale

Wakati huo Idi Amin alikuwa ametawala karibu miaka miwili. Tarehe 10 Februari 1973 wanaume watatu wa dayosisi ya Festo waliletwa katika uwanja wa Kabale kupigwa risasi hadharani. Watu waliamriwa waje watazame. Askofu aliomba ruhusa azungumze nao kabla ya kufa. Aliwakaribia bila kujua aseme nini, akihofu kukuta nyuso za uchungu. Walipogeuka alikuta nyuso za furaha. Walimweleza kwamba Kristo amewasamehe dhambi zao, na mmoja akamtuma habari hiyo kwa mke wake. Waliinua mikono yenye pingu wakiwaaga watu, kisha wakauawa. Festo alikuwa amekwenda kuwafariji, na wao ndio waliomfariji. Jumapili iliyofuata alihubiri kijijini kwa mmoja wao, na umati mkubwa ulikuja kusikiliza.

Februari 1977

Tarehe 30 Januari 1977 Festo alihubiri Bushenyi, katika ibada ya kumweka wakfu askofu mpya. Maofisa wa serikali walikuwa wameketi mbele. Alihubiri juu ya thamani ya uhai wa mwanadamu, akawauliza wenye mamlaka wamekuwa wakiyatumiaje. Hakumtukana mtu, lakini kila aliyekuwapo alielewa.

Siku chache baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 5 Februari, wanajeshi walivamia nyumba ya Askofu Mkuu Janani Luwum huko Namirembe, wakidai wanatafuta silaha. Maaskofu walikutana, wakaandika barua kwa Amin. Barua hiyo ilikuwa ya heshima, lakini haikuzunguka. Ilitaja mauaji, watu kupotea na hofu iliyojaa nchini. Tarehe 16 Februari waliitwa Kampala, mbele ya wanajeshi na silaha zilizopangwa ili ionekane ni za Kanisa. Baadaye maaskofu wengine waliachiwa waende, Luwum akabakizwa. Hawakumwona tena akiwa hai. Siku iliyofuata serikali ilitangaza kwamba yeye na mawaziri wawili, Oryema na Oboth Ofumbi, wamekufa katika ajali ya gari. Hakuna aliyeamini.

Festo alirudi Kabale akakuta wanajeshi wamekuwa wakimtafuta. Marafiki walimsihi aondoke, wakisema askofu mmoja aliyekufa anatosha. Usiku huohuo yeye na Mera walipanda milima kwa miguu gizani, na asubuhi ya Jumapili wakawa ndani ya Rwanda.

Ijumaa Kuu

Sasa tunafika mahali palipotufanya tumchague. Festo alikuwa amesema kweli, na kweli ilikuwa imemgharimu nyumba, nchi na rafiki. Ugenini aligundua kwamba amebeba mzigo mwingine ambao si Amin aliyempa. Alikuwa anamchukia. Siku ya Ijumaa Kuu ya mwaka huo alikuwa London, katika kanisa la All Souls, watu wakitafakari maneno ya Yesu msalabani. Aliposikia habari ya Yesu akiwaombea msamaha waliomsulubisha, alitambua kwamba yeye bado hajamsamehe Amin. Alitubu palepale.

Mwaka huohuo alitoa kitabu chenye jina lililowashtua wengi, *I Love Idi Amin*, yaani kwamba anampenda Idi Amin. Wakimbizi waliopoteza ndugu zao waliona vigumu kukubali, na tunawaelewa. Lakini ndani ya kitabu hicho Festo hakuficha damu hata tone. Aliandika yaliyotendeka Kabale, Namirembe na Kampala. Hakusema kwamba Amin ni mtu mwema wala kwamba yaishe tu. Alisema maovu yote jinsi yalivyokuwa, na akakataa kumchukia aliyeyatenda. Mtume Paulo alipowaandikia Waefeso aliviweka viwili hivi pamoja, kweli na upendo, na Festo aliviishi vyote viwili.

Amin alipoangushwa mwaka wa 1979, Festo alirudi. Alihubiri upatanisho katika nchi iliyojaa watu wanaotaka kulipiza kisasi, na serikali zilizofuata nazo hakuzinyamazia zilipokosea. Mwaka wa 1983 aliwapa wanawake upadre katika dayosisi yake, wakati makanisa mengi ya Afrika hayajathubutu. Saratani ya damu ilimchukua tarehe 18 Mei 1988, akiwa hospitalini Nairobi.

Sisi wa Wendani

Wapendwa, tumesimulia haya si kwa sababu sisi tunakabiliana na bunduki. Wazee wetu ahonoki walikabiliana nazo wakati wa Hali ya Hatari. Walikataa kiapo, wakakataa pia silaha za serikali ya kikoloni, na wengine waliuawa kwa ajili hiyo. Kwetu mambo ni madogo zaidi, lakini ni yaleyale. Mwanasiasa akileta bahasha nono ya harambee, je, tutaweza kumpokea kama mwenye dhambi anayehitaji Injili kama sisi, na bado tumwulize pesa zimetoka wapi? Vijana waliyauliza makanisa swali hilo mwaka wa 2024, na wanafunzi wa chuo kikuu waishio hapa mtaani bado wanangoja jibu.

Na ndani ya kwaya? Sauti ya tatu ikiwa na kinyongo na sauti ya nne, wimbo utapatana kwa noti tu. Hesabu za pesa za sare na za kurekodi zisomwe mbele ya wote. Aliyekosewa amwendee aliyemkosea, asiende kwanza kwa jirani. Mwenye wivu kwa kiongozi wa wimbo akiri, kama alivyokiri Festo. Tukifanya hivyo, jirani anayepita mlangoni atasikia jambo jipya hata kabla hatujafungua vinywa.

Mungu aibariki miaka hii 25, na atupe neema ya kuishi jina la mtaa wetu. Amina.

*Katibu wa Kwaya, kwa niaba ya wanakwaya wote*