James Spangler, mfagiaji aliyebuni mashine ya kufyonza vumbi

Katika tarafa ya Bungulu, mjini Beni, wakati wa jua vumbi la barabara huingia hadi chini ya kitanda, na anayefagia ndiye wa kwanza kukohoa. Taabu hiyo ilimpata pia James Murray Spangler huko Canton, jimbo la Ohio, Marekani.

Alizaliwa 1848. Alibuni vifaa vya shambani, lakini havikumtajirisha. Mwaka 1907, akikaribia miaka 60, alikuwa mfagiaji wa duka kubwa, na pumu ilimbana. Akaunganisha mota ya feni, sanduku, mpini wa ufagio na foronya ya mto. Feni ilivuta hewa, foronya ikabakiza vumbi.

Foronya hiyo ndiyo siri, na hadi leo ndiyo husahauliwa. Mfuko ukijaa, hewa haipiti, mashine huishiwa nguvu na mota hupata moto. Wengi hudhani imekufa, kumbe haijamwagwa vumbi tu. Kwanza ichomolewe umeme, kisha mfuko ukung'utwe nje, mbali na watoto.

Spangler alipata hati ya uvumbuzi tarehe 2 Juni 1908. Mtaji ulimpungukia, akamuuzia William Hoover, aliyetengeneza bidhaa za ngozi. Alifariki 1915. Jina lililobaki kwenye mashine ni la Hoover.